Juma la Kwanza la Mmisionari



Wasikilizaji wapenzi, katika Dominika ya Misioni, iliyowekwa na Papa Pio XI mwaka 1926, tumezoea kuwakumbuka wamisionari kwa yale waliyoyajenga: makanisa ya mawe, zahanati, shule, miembe iliyopandwa kwa mstari. Leo twapenda kurudi nyuma zaidi, hadi siku zile ambapo mmisionari alikuwa bado hajajenga kitu wala kumfundisha mtu. Ni siku za juma lake la kwanza la malezi, alipokuwa hawezi hata kuomba maji ya kunywa kwa lugha ya watu aliotumwa kwao.

Tuanzie Algeria. Mwaka 1867 Charles Lavigerie alifika Algiers kuwa Askofu Mkuu, akaikuta nchi imo katika njaa na kipindupindu. Mwanzoni mwa 1868 Padre Girard, mkuu wa seminari kuu ya Kouba, alimpelekea waseminari watatu waliotaka kujitoa kwa ajili ya Afrika. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo ukafunguliwa unovisi wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Lavigerie aliwaomba Wajesuiti wampatie mlezi wa manovisi, na hivyo njia ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola ikawa njia ya nyumba ile tangu mwanzo.

Katika malezi ya namna hiyo kijana huanza kwa kunyamaza. Kengele humwamsha alfajiri. Hutafakari kimya, hushiriki Misa, hufagia, hulima bustani, husikiliza mafundisho ya maisha ya kiroho, na hasemi ila saa ya kusema. Mfikirini basi kijana wa Kifaransa wa zama zile, aliyesifiwa seminarini kwao kwa ufasaha wa Kilatini na kwa hoja zake za teolojia. Anafika Algiers, anaambiwa anyamaze. Kisha anawekewa mbele kitabu cha Kiarabu, na hata upande wa kuanzia kusoma haujui. Huyo ni msomi aliyerudishwa darasa la kwanza kabla juma halijaisha. Kwetu sisi, ukimya wa kanisani na ububu wa darasani vilikuwa somo moja: kujifunza kupokea kabla ya kutoa. Vijana wengi walio hodari wa kusema huliona somo hilo kuwa gumu kuliko kufunga chakula.

Lavigerie alilishika jambo la lugha kwa ukali. Alipoupeleka msafara wa kwanza wa wamisionari 10 katika Afrika ya Mashariki, mwaka 1878, aliwaagiza wajifunze lugha ya watu bila kukawia, hata isipite miezi 6 tangu kufika kabla hawajaanza kuitumia wao kwa wao. Tulipime agizo hilo. Mfaransa amwambie Mfaransa mwenzake, mezani, jioni, wote wawili wamechoka na homa inanyemelea: nipe chumvi, kwa lugha ya wenye nchi! Ni nani asiyetamani saa hiyo kujificha katika lugha ya mama yake?

Miongoni mwa hao 10 alikuwamo Padre Siméon Lourdel, aliyezaliwa mwaka 1853 kaskazini mwa Ufaransa na kupewa upadre mwaka 1877. Msafara ulianza safari ya bara kutoka Bagamoyo mwezi Juni 1878, na lugha ya misafara, kama tujuavyo, ilikuwa Kiswahili. Hapo mwanafunzi wa Kiarabu alianza upya. Kwao Ufaransa neno likiwa la wingi hubadilika mwishoni. Huku hubadilika mwanzoni, mtu akawa watu, kitu kikawa vitu, na kila neno linalofuata lazima litii. Isitoshe, maneno yetu yana mitego inayogusa imani yenyewe. Mgeni akiteleza kidogo ulimi, Mungu aliyeumba mbingu na nchi atakuwa Mungu aliyeomba. Kufa kutageuka kufaa. Na mwenye kutubu ataambiwa atibu. Makatekista walioketi na mgeni katika majuma yake ya kwanza wanajua kwamba hatutii chumvi.

Tarehe 17 Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda kwa mtumbwi, wakitangulia wenzao. Sasa palikuwa na lugha nyingine tena, Kiganda. Katikati ya mwaka ule, mbele ya Kabaka Mutesa, Lourdel alibishana na Alexander Mackay, mmisionari wa Kianglikana. Mackay aliandika kwamba padre yule alisema kwa ghadhabu, akichanganya Kiarabu kibovu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa. Ugomvi wenyewe hauwapi sifa Wakristo wa upande wowote, nasi tunaupita. Lakini mchanganyiko ule wa lugha 4 twaupenda, maana unatuonyesha mtu anayejifunza, aliyekamatwa katikati ya njia.

Nani aliwafundisha? Vitabu vya kuwasaidia vilikuwa haba; sarufi ya Kiganda ya Padre Léon Livinhac, mkuu wao, ilitoka mwaka 1885 tu. Huku kwetu pwani, Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alifika mwaka 1879, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilichapishwa mwaka 1939, miaka 60 baadaye. Kurasa za vitabu hivyo zimejaa maneno yaliyotoka vinywani mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jalada: wapagazi, watoto, akina mama, wakatekumeni. Mmisionari aliuliza, wao wakajibu. Alikosea, wao wakacheka, wakarudia polepole. Ndugu makatekista, hao ndio babu zenu katika kazi.

Mwaka 1919, katika waraka wake Maximum Illud, Papa Benedikto XV aliwaonya wamisionari wasitosheke na lugha ya kubahatisha, wala wasiwaachie makatekista peke yao kazi ya kueleza mafundisho. Tusidhani kwamba aliwadharau makatekista. Alijua kwamba padre asiyejua lugha hutawala watu asiowasikia.

Baadaye vizazi vya wamisionari vilijifunza Kiswahili Kipalapala na Makoko, wakianza na salamu. Siku hizi mapadre na masista wetu hutumwa nchi za mbali, na sasa ni zamu yao kuchekwa na watoto wa wenyewe. Kijana wa parokia yako akikuandikia kwamba juma la kwanza limekuwa chungu, usimhurumie kupita kiasi. Mwombee, na umwulize amejifunza salamu ngapi.

Turudi Buganda. Ubatizo wa kwanza ulitolewa mkesha wa Pasaka, 27 Machi 1880. Novemba 1882 hatari ilipozidi, mapadre wote waliondoka, wakahamia Bukumbi, kusini mwa ziwa. Kwa muda wa karibu miaka 3 hapakuwa na padre, wala Misa, wala maungamo. Lakini sala zilikuwa zimekwisha kuwa za Kiganda. Wakristo walifundishana wenyewe nyumbani na katika jumba la Kabaka, na Lourdel aliporudi Julai 1885 alilikuta kundi limeongezeka. Miezi 4 baadaye Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa, na tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo, wakisali kwa lugha yao.

Lourdel alifariki Mei 1890, akiwa na umri wa miaka 36. Waganda walikuwa wamesikia wenzake wakimwita kwa Kifaransa mon père, yaani baba yangu, nao wakalitamka neno hilo kadiri ya ulimi wao. Hadi leo huko Uganda jina lake ni Mapeera.