Mikoko, matumbawe na mvuvi: Uhifadhi wa visiwa vya Pwani na nafasi ya wenyeji

ANAYEINGIA katika nyumba kongwe ya Mji wa Kale, Mombasa, na kuinua macho darini, ataona boriti zilizopangwa sambamba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Boriti hizo ni za mikoko, na urefu wake ndio uliomwamulia fundi upana wa chumba. Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Kwa maneno mengine, mji huu umejengwa kwa vitu viwili vilivyokuwa hai baharini, ambavyo leo mtu akivigusa bila kibali huenda akajikuta kizimbani.

Kutoka viwanja vya Makadara hadi Bandari ya Kale ni mwendo mfupi wa miguu. Hata hivyo, wakazi wengi wa kisiwa hiki huyasikia maneno "uhifadhi wa wanyamapori" wakadhani yanahusu ndovu wa Tsavo. Makala haya yanaeleza kilichohifadhiwa katika visiwa vyetu, kwa sheria zipi, na mwenyeji amepewa nafasi gani.

Tuanze na istilahi, kwa kuwa magazeti yenyewe, likiwamo dawati la mwandishi huyu, yamechangia kuzivuruga. Sheria ya Kenya hutofautisha aina mbili za maeneo ya baharini. Ya kwanza ni mbuga ya baharini, ambamo hairuhusiwi kuvua kabisa. (Mbuga ni uwanda wa nyasi, na kuwa na mbuga chini ya maji ni kichekesho, lakini neno limeshazoeleka.) Ya pili ni hifadhi ya baharini, ambamo uvuvi wa asili unaruhusiwa kwa zana zisizoharibu. Habari inapoandika "hifadhi" kwa zote mbili, mvuvi anayeisoma hawezi kujua kama amefukuzwa au la.

Mombasa ina zote mbili. Zilitangazwa mwaka 1986: mbuga yenye ukubwa wa kilomita 10 za mraba mbele ya fuo za kaskazini mwa kisiwa, na hifadhi ya takriban kilomita 200 za mraba inayoizunguka. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya marufuku ya kuvua ndani ya mbuga kutekelezwa kikamilifu, na utekelezaji huo haukuja bila mzozo, kwa maana wavuvi walinyang'anywa sehemu kubwa ya maji waliyozoea kutega malema na kutupa mishipi.

Watafiti waliofuatilia athari zake katika miaka ya 1990 walikuta jambo ambalo kila upande hulitumia kwa namna yake. Samaki waliongezeka ndani ya mbuga, wengine wakavuka mpaka, na mvuvi aliyebaki akivua kandokando akapata takriban maradufu ya alichokuwa akipata kwa siku. Lakini wavuvi wenyewe walikuwa wamepungua, na jumla ya samaki waliofikishwa nchi kavu ilishuka kwa karibu theluthi moja katika miaka ya mwanzo. Afisa wa serikali hutaja takwimu ya kwanza. Mvuvi aliyeacha kazi hutaja ya pili. Zote mbili ni za kweli, na ajabu ni kuwa ni nadra kuzisikia zikitajwa katika mkutano mmoja.

Kwa muda mrefu usimamizi ulikuwa wa upande mmoja. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililoundwa mwaka 1989, liliendesha doria na kukusanya ada za watalii. Mabadiliko yalianza na kanuni za mwaka 2007 zilizounda vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyofahamika kwa herufi BMU. Chini ya kanuni hizo, wanaotumia bandari moja ya kushushia samaki, wakiwamo wenye vyombo, mabaharia, wachuuzi na mafundi, wanaweza kujisajili, kuchagua kamati, kutoza ada ndogo na kujitungia sheria za eneo lao zikiidhinishwa na idara ya uvuvi. Juya, wavu wa kukokota unaozoa hata vifaranga vya samaki, lilikuwa limeshapigwa marufuku mwaka 2001. Kumtuma mlinzi wa serikali akalichome moto ni jambo moja. Kumfanya jirani wa mwenye juya aamue kuwa halitatua ufuoni kwake ni jambo lingine, gumu zaidi, na ndilo vikundi hivi vilipewa.

Mikoko ina historia ndefu zaidi. Misitu yote ya mikoko nchini ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kuna aina tisa nchini Kenya, na wazee wa Pwani walizijua kwa majina na kazi zake kabla ya mtaalamu yeyote kufika: mkoko, mkandaa na muia kwa fito na boriti, mchu kwa kuni, mlilana unaosimama mbele kabisa ukipigwa na mawimbi, mkomafi, msikundazi na wenzao. Majahazi yaliipakia miti hiyo hadi Arabuni na Ghuba, biashara iliyoendelea hadi serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa nje mwaka 1982.

Hori ya Tudor, inayokizunguka kisiwa cha Mombasa upande wa kaskazini, imeumia kuliko nyingi. Uchunguzi wa picha za setilaiti ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake ilitoweka kati ya 1992 na 2009. Sababu ziko wazi kwa anayeishi kando yake: kuni za kupikia na za kutengenezea pombe haramu, miti ya ujenzi wa vibanda, maji taka yasiyosafishwa, na tope lililoletwa na mvua za El Nino za 1997 na 1998. Upande wa pili, karibu na Makupa, tangi la mafuta lilitoboka mwaka 1988 na tani zipatazo 5,000 zikamwagikia hori na kuua mikoko iliyokuwa karibu.

Vikundi vya vijana na kina mama wa Tudor, Mikindani na Jomvu vimekuwa vikiotesha miche na kuirejesha topeni. Ni kazi ya kusifiwa, ila sherehe za upandaji zina kasoro moja inayojirudia. Mbegu za mkoko ni ndefu, ni rahisi kuokota na kuchomeka, basi hupandwa popote, hata mahali pa mlilana penye mawimbi. Wageni wa heshima wakishapigwa picha na kuondoka, miche hung'olewa na maji. Vikundi vilivyokaa na wazee waliokuwa wakikata boriti hukosea mara chache.

Tukitoka Mombasa kuelekea kusini, tunafika Wasini. Mbuga ya Kisite na hifadhi ya Mpunguti, kilomita 28 na 11 za mraba, zilianzishwa katika miaka ya 1970, na Kisite ikafungwa kwa wavuvi wa kisiwani. Lalama ya wenyeji tangu hapo imekuwa moja: ada za mbuga huenda Nairobi, nao hubaki kuwatazama watalii wakipita. Kina mama wa Wasini walijibu kwa namna yao. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya mawe ya matumbawe ya kale, ambayo maji hujaa na kupwa ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijengwa njia ya mbao juu yake kwa msaada wa wafadhili. Mgeni hulipa kiingilio kwa kikundi cha kina mama, na fedha hizo husaidia mahitaji ya kijiji, karo za shule zikiwemo. Gazi, kwenye pwani hiyo hiyo ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa tangu 2013 ukiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na kijiji huamua mapato yatumike wapi.

Kaskazini kabisa, kuelekea mpaka wa Somalia, iko hifadhi ya Kiunga, iliyotangazwa 1979. Hapa visiwa vidogo vipatavyo 50 vimejipanga sambamba na bara kama ukuta, vikiikinga pwani na mawimbi ya bahari kuu. Ndege wa baharini hutaga juu yake, kasa huzika mayai mchangani, na nguva, mnyama adimu mno nchini, ameonekana katika majani ya chini ya maji. Wabajuni wamevua kamba na samaki hapo kwa vizazi. Tangu miaka ya 1990 kina mama wa Kiwayu walianza kuokota ndara za mpira zinazoletwa na mikondo ya bahari, wakazichonga kuwa vinyago vya kasa na samaki na kuviuza, na fuo za kasa zikapata kusafishwa. Ukosefu wa usalama uliozidi baada ya 2011 uliwafukuza watalii na kubana uvuvi wa usiku. Kisha ikaja bandari mpya ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni, ikikubali kuwa mradi ulianzishwa bila wao kushirikishwa ipasavyo.

Zanzibar walifuata njia tofauti. Kisiwa cha Chumbe kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1994 chini ya uendeshaji wa kampuni binafsi, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi waliofunzwa kuwaelimisha wavuvi wenzao badala ya kuwakamata.

Hapa Mombasa, kazi kubwa ya karibuni haikuitwa uhifadhi hata kidogo. Tangu 1929 tuta la Makupa lilikuwa limeyakata maji kati ya hori ya Tudor na ile ya Port Reitz. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja badala yake, mojawapo ya malengo yakiwa kuyaacha maji yapite tena. Mbegu za mikoko husafiri kwa kuelea.