Kuziba nyumba kongwe isipite baridi: niliyojifunza Maplewood

Maplewood ni mji mdogo unaopakana na Saint Paul upande wa mashariki, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Wengine wanaujua kwa sababu ndipo yalipo makao makuu ya kampuni ya 3M. Nyumba nyingi za mitaa yake ni za mbao, zilijengwa baada ya Vita vya Pili, na yangu ni mojawapo. Naandika kwa ajili ya wale wenu huko Muscat, Dubai au Doha ambao mtoto au ndugu amehamia huku akanunua nyumba kama hii. Sisi tumelelewa kufukuza joto. Kulifungia ndani hakuna aliyetufundisha.

Baridi ya huku si ya kujitanda shuka. Januari 2019 kipimo cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na kila mwaka hupita siku nyingi ambazo maji yakimwagwa uani huganda papo hapo.

Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba hii bimkubwa alikuja kukaa nasi. Asubuhi moja ya Februari aliniita chumbani kwake: maji yanadondoka kutoka juu, karibu na msala wake. Nje kila kitu kimeganda. Akaniuliza, "Mwanangu, haya maji gani yasiyojua kama ni baridi?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuwa darini. Joto la nyumba lilikuwa linapanda, linapenya kwenye dari na kulipasha paa kwa chini. Theluji iliyolala juu ya paa ikayeyuka, maji yakateremka hadi kwenye upenu, ambako hakuna joto, yakaganda tena. Ukajengeka ukingo wa barafu kama tuta, na maji yaliyofuata yakakosa njia yakarudi nyuma, chini ya vigae vya lami, mpaka ndani. Vile vijiti vya barafu vinavyoning'inia kwenye mapaa, ambavyo wageni hupenda kuvipiga picha, mara nyingi ni dalili ya joto linalotoroka.

Hapo nikafanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya. Nilinunua pamba ya nyuzi za kioo, zile zinazouzwa kwa mabunda, nikaitandaza dari nzima juu ya pamba ya zamani. Kazi ya siku mbili, na mguu mmoja uliotokeza sebuleni kwa sababu nilikanyaga pasipo boriti. Majira yaliyofuata nikakuta misumari ya paa imevaa barafu kwa upande wa ndani, mbao zimelowa, na pembe ya chumba cha bimkubwa ina madoa meusi ya ukungu. Usiku alikuwa akikohoa. Hilo ndilo lililonirudisha darini.

Pamba hupunguza kasi ya joto kupita, lakini haizuii hewa. Na hewa ya ndani ya nyumba imebeba mvuke: wa kuoga, wa kupika, wa pumzi zetu. Ikipata tundu itapanda nao, na ukigusa ubao wa baridi unageuka maji. Niliongeza pamba, kwa hiyo dari ikawa baridi zaidi, na matundu nikayaacha wazi. Baya zaidi, feni ya bafuni iliyofungwa na mwenye nyumba wa kale ilikuwa inatoa mvuke wake mle mle darini badala ya nje.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza tundu, kisha pamba.

Kutafuta matundu, mafundi hufunga feni kubwa mlangoni na kupima, na kama unaweza kumwita mtu wa kipimo hicho, mwite. Mimi nilitumia chetezo. Chagua siku ya upepo na baridi, zima tanuri la gesi na hita ya maji, funga madirisha, washa feni za jikoni na bafuni, kisha pita na ubani taratibu kando ya kuta, soketi za umeme, vizingiti na mlango wa kupandia darini. Moshi ukipinda ghafla, hapo pana njia. (Bimkubwa alisema ni mara ya kwanza kuona ubani ukifanya kazi ya fundi.)

Ukishapanda juu, sogeza pamba uangalie pale nyaya na mabomba yanapotoboa dari, na juu ya kuta za vyumba. Pamba iliyochafuka nyeusi inakuonyesha hewa ilipokuwa ikipita. Nyufa ndogo ziba kwa silikoni, kubwa kidogo kwa povu la kopo. Kuzunguka bomba la moshi usitie povu hata kidogo, linawaka: pale panataka bati na gundi ya kuhimili moto. Feni ya bafuni ipewe bomba lake hadi nje ya paa. Mlango wa darini ubandikwe ubao wa povu juu na mpira pembezoni.

Ndipo sasa urudishe pamba. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka dari ya nyumba mpya ifike R-49. Hiyo R ni kipimo cha jinsi kitu kinavyolizuia joto. Kwa karatasi zilizosagwa, zinazopulizwa kwa mashine ya kukodi, ni kama inchi 14. Usiweke nailoni katikati ya pamba ya zamani na mpya, na matundu ya hewa ya chini ya upenu yasifunikwe, kwa sababu paa lenyewe linatakiwa libaki baridi.

Kabla ya yote hayo, chungulia aina ya kitu kilichomo. Ukikuta kokoto nyepesi zinazometameta, rangi ya kijivu au dhahabu, zenye matabaka kama kurasa, usiguse wala usifagie. Hiyo ni vermikulaiti. Nyingi ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa 1990, na ilichanganyika na asbesto; kiwanda kimoja kaskazini mashariki ya Minneapolis kilikuwa kikiisindika. Waite wenye leseni. Rangi za ukutani katika nyumba za kabla ya 1978 nazo huenda zina risasi, hivyo usizipige msasa mkavu penye watoto.

Na nyumba ikishazibwa, pima upya vifaa vya gesi. Washa hita ya maji na feni zote, subiri dakika chache, kisha sogeza moshi kwenye mdomo wa bomba lake. Ukivutwa juu, vyema. Ukirudi chumbani, zima na umwite fundi siku hiyo hiyo, kwani hewa ya sumu ya kaboni haina harufu. Sheria ya Minnesota inadai king'ora chake kiwe ndani ya futi 10 ya kila chumba cha kulala.

Madirisha hayakunisumbua: nailoni nyembamba inayokazwa kwa kikausha nywele inatosha hadi machipuko.

Mdogo wangu aliyeko Muscat aliposikia haya alitaka kuvika kuta zake nailoni kwa ndani. Nikamzuia. Huku mvuke unatoka ndani kwenda nje, kwa hiyo kizuizi hukaa upande wa ndani. Huko Ghuba, kiangazi, hewa nzito ya baharini iko nje na kiyoyozi kiko ndani, basi mvuke unasukuma kuja ndani. Nailoni ya ndani ingeyakusanya maji nyuma ya plasta. Kwake nilimshauri mbao za povu gumu lisilonyonya maji, zikae juu ya zege la paa, na nyufa za madirisha zizibwe kwanza.

Bimkubwa alikuja tena mwaka jana. Chumba ni kile kile, na ndoo niliyomwekea pembeni kwa wasiwasi wangu alitilia nguo za kufua.