Kutoka Jeshini Kuingia Polisi: Nguo Hubadilika kwa Siku Moja, Moyo Je?



Tukifundisha watoto amri ya nne ya Mungu, mara nyingi twawauliza swali jepesi: "Ukipotea sokoni, utamwendea nani akurudishe kwa mama yako?" Mmoja hujibu: kwa mama mwuza unga, kwa kuwa anatujua. Mwingine hujibu: kwa masista. Ni nadra polisi kutajwa, na mtoto anayemtaja huchekwa na wenzake. Nayo amri ya nne yatuagiza kuheshimu baba na mama, na pamoja nao wakubwa wote wenye mamlaka ya haki. Basi, tutawafundishaje watoto kumheshimu mtu wanayemkimbia?

Tusiwagombeze upesi. Woga huu hawakuuzaa wao, wameurithi. Wazee wetu walimwita mwanajeshi "askari", na mlinzi wa mji naye wakamwita "askari". Jina lilikuwa moja kwa sababu mtu alikuwa mmoja. Katika nchi yetu ya Kongo polisi na mwanajeshi walizaliwa na mama mmoja, wakalelewa nyumba moja. Kwa hiyo kila mara mtu alipotolewa jeshini na kuwekwa polisi, wakubwa walidhani kwamba hana la kujifunza tena. Hilo ndilo kosa tunalotaka kulitazama leo, tangu mwanzo wake.

Jeshi lililofanya kazi mbili

Mfalme Leopold II alipojipatia Dola Huru ya Kongo mwaka 1885, alihitaji watu wa bunduki. Ndipo likaundwa jeshi lililoitwa Force Publique. Tangu mwanzo lilipewa kazi mbili: kupigana na maadui wa nje, na kuwatiisha wenyeji wa ndani. Jeshi lilelile lililopigana na wafanya biashara Waarabu na Waswahili miaka ya 1892 hadi 1894, ndilo lililotumwa vijijini kuwalazimisha watu kuleta mpira. Kwa mtu wa kijiji hapakuwa na tofauti kati ya vita na amani. Bunduki ilikuwa ileile.

Mwaka 1895 askari wa Luluabourg waliasi. Baada ya hapo wakubwa wakakaza desturi ya kuchanganya makabila katika kila kikosi, na kuwapeleka askari mbali na kwao, wasije wakapatana na wenyeji. Kwa akili ya kijeshi jambo hili lina maana yake. Lakini fikirini matunda yake. Askari aliingia kijijini akiwa mgeni kabisa. Hakujua lugha ya mahali, hakuwa na shangazi pale wala mtoto wa ubatizo, wala hakuwa na mzee wa kumwonea haya. Mlinzi wa namna hiyo atamlinda nani?

Mwaka 1908 Ubelgiji ilitwaa nchi. Vita kubwa ya kwanza ikaja, na askari wa Kongo wakapigana hata kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Waliporudi, serikali ililigawa jeshi mwaka 1919. Sehemu moja ilikaa kambini, tayari kwa vita. Sehemu ya pili iliwekwa kwa kazi ya teritori, chini ya watawala wa mahali. Hao wa pili ndio waliosindikiza wakubwa katika safari za kodi. Tena kijiji kikionekana kuwa kikaidi, kikosi kilipitishwa humo kwa mwendo wa kijeshi, watu waone nguvu ya Bula Matari na kunyamaza.

Mwaka 1926 serikali iliunda pia polisi wa teritori, kwa kulinda magereza, maofisi na miji. Watemi nao walikuwa na polisi wao. Wengine wa watu hao walikuwa wamekwisha kumaliza miaka yao saba jeshini. Walijua kupiga saluti, kutunza bunduki, kuamka mapema na kutii. Hayo ni mema, wala hatuyadharau. Lakini nani aliwafundisha kusikiliza watu wawili wanaogombana, kuandika maneno ya shahidi bila kuongeza wala kupunguza, au kumshika mwizi bila kumvunja mkono? Ilidhaniwa kwamba aliyejua kazi ya vita anaijua na hii.

Kazi mbili, roho mbili

Hatusemi neno hili kwa kuwatukana wanajeshi. Askari wetu walishinda Saïo, katika nchi ya Uhabeshi, mwaka 1941, nao walikuwa wanaume wa kweli. Twasema tu kwamba kazi hizi mbili si moja.

Mwanajeshi hufundishwa kwamba aliye mbele yake ni adui. Polisi sharti ajue kwamba aliye mbele yake ni ndugu wa nchi moja, hata akiwa mwizi. Mwanajeshi hutumia nguvu mpaka ashinde. Polisi hutumia nguvu ndogo iwezekanavyo, na saa ile mtu anapotulia, yampasa aiache. Mwanajeshi humtii komanda wake. Polisi naye hutii wakubwa wake, lakini juu yao iko sheria, na kesho jaji atamwuliza: ulimshika kwa sababu gani?

Tena, watu wakikimbia, mwanajeshi amemaliza kazi yake. Polisi, watu wakimkimbia, kazi yake imekufa. Nani atamwambia mahali wezi wanapolala? Nani atakuja kuwa shahidi? Polisi asiyeambiwa kitu na raia ni kama mvuvi mwenye mtumbwi asiye na wavu.

Mwaka wa uhuru

Tarehe 4 Januari 1959 fujo kubwa ilitokea Léopoldville, na watu wengi walikufa. Katika mwaka uleule vikosi vya kazi ya teritori vilipewa jina jipya, jandarmeri. Jina lilibadilika, lakini watu wale walibaki vilevile, na mafunzo yao vilevile.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Force Publique ilikuwa na askari wapata 25,000, na maofisa wake wote walikuwa Wazungu. Jenerali Janssens aliwakusanya askari, akaandika ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru. Tarehe 5 Julai kambi ya Thysville iliasi, na uasi ukaenea upesi.

Hapa tutazame neno moja ambalo watu hulisahau. Katika nchi nyingine jeshi likiasi, polisi hubaki kulinda nyumba za watu. Kwetu jeshi lilipoasi, sehemu kubwa ya ulinzi wa ndani ilianguka pamoja nalo, kwa sababu ilikuwa mwili mmoja. Nyumba yenye nguzo moja, nguzo ikianguka, paa haina pa kushikia. Ndipo Umoja wa Mataifa ukaitwa, na kati ya waliokuja kusaidia walikuwamo polisi wa Nigeria.

Je, tulijifunza? Mwaka 1966 serikali iliwakusanya polisi wa majimbo kuwa polisi wa taifa, chini ya wizara ya mambo ya ndani. Lilikuwa jambo jema. Lakini mwaka 1972 polisi hao walivunjwa, wakaingizwa katika jandarmeri, chini ya jeshi. Mwaka 1984 kikaundwa kikosi kingine, Garde Civile. Mwaka 1997 vikosi hivyo viliachwa, ikaundwa Polisi ya Taifa ya Kongo tuliyo nayo hata leo.

Kisha vita zikapita juu yetu. Kila vita ilipokwisha kwa mapatano, liliulizwa swali lilelile: hawa wenye bunduki tuwaweke wapi? Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002 yalileta majeshi yaliyokuwa yakipigana chini ya bendera moja. Mapatano ya Goma ya tarehe 23 Machi 2009 yalisema wapiganaji wa CNDP waingie katika jeshi la taifa, na polisi wake waingie katika polisi ya taifa. Twaelewa sababu: mtu asiye na kazi mwenye bunduki ni hatari. Lakini polisi si ghala la kuwekea watu ambao vita imewaacha. Aingiaye humo apitie kwanza shule, kama vile sisi hatumpi mtu ubatizo kwa sababu tu amefika mlangoni mwa kanisa.

Sheria inasemaje?

Katiba ya mwaka 2006 imesema wazi. Polisi ni ya taifa zima, haina chama cha siasa, na iko chini ya serikali ya raia ya mahali. Katiba hiyohiyo yasema mtu aliyeshikwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asiwekwe mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa kwa mahakimu. Sheria ya mwaka 2011 ilipanga upya kazi ya polisi. Sheria ya mwaka 2013 ilibadilisha hata majina ya vyeo: mkubwa wa polisi aitwe komiseri. Lakini tembeeni mjini, msikie watu wakimwita "Kolonele", naye akiitika kwa furaha. Na polisi akikosa, hata leo ahukumiwa na korti ya kijeshi, kama katiba inavyoagiza. Mzizi wa zamani bado umo ardhini.

Hata hivi tumaini liko. Katika miji ya Bukavu, Kananga na Matadi ilijaribiwa namna mpya ya kazi, polisi wakikaa kikao na watu wa mtaa ili wasikie shida zao. Mtu akikujua kwa jina, ni vigumu kumwona kuwa adui.

Neno kwa ndugu zetu

Askari walimwendea Yohane Mbatizaji, wakamwuliza yawapasayo kufanya. Hakuwaamuru waache kazi yao. Aliwakataza kunyang'anya watu na kuwasingizia uongo, akawataka waridhike na mshahara wao. Kornelio naye alikuwa akida wa Kirumi, na Mtume Petro aliingia nyumbani mwake, akaamuru abatizwe pamoja na watu wake. Kwa hiyo mlango haukufungwa kwa mtu wa silaha. Lakini sharti akubali kufundishwa.

Nanyi ndugu mnaotoka jeshini kuingia polisi, leteni ushujaa wenu na utii wenu. Mazoea ya kumwona kila mtu kuwa adui yaacheni kambini, pamoja na zile nguo. Nanyi wakubwa wa serikali, mshahara usiolipwa humfundisha polisi kujilipa barabarani. Na sisi raia, tusimpe polisi hongo ili mwenzetu aonewe, kisha tukalalamika kwamba polisi ni wabaya.

Sisi tutaendelea kuwauliza watoto swali letu lilelile. Twaomba Mungu ituwie heri siku moja tumsikie mtoto akijibu, "Nitamwendea polisi," wala wenzake wasimcheke.