Mbasa, Usipa na Upepo wa Mwera

Watu wa Ulaya wana samaki wao aitwaye karpi, na habari zake zimejaza vitabu. Wako wavuvi huko ambao hawamwachi hata miti ipukutishe majani na baridi ianze kuuma: huketi kando ya maji usiku na mchana, wamejitanda mablanketi, na wakimpata humpima uzito, humtazama, kisha humrudisha alikotoka. Sisi wa pande hizi, ambao hatujui samaki kurudi majini isipokuwa ametuponyoka, twaweza kucheka. Walakini jamaa za karpi wako kwetu pia. Mbasa wa Ziwa Nyasa, na usipa, yule dagaa wa ziwa hilohilo, waliwekwa na wataalamu wa zamani katika ukoo mmoja na karpi. Wataalamu wa siku hizi wamewatenga katika nyumba ya jirani, lakini udugu haukukanwa. Historia ya samaki hao wawili katika ncha ya kaskazini ya ziwa, yaani Kyela, ndiyo nitakayoieleza hapa.

Kyela ni bonde tambarare lililofungwa na milima kila upande isipokuwa kusini, kwenye maji. Mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya ziwa pale Matema. Kaskazini iko Rungwe. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yashuka kutoka huko juu na kumwaga udongo wake bondeni, na mvua ni nyingi kupita sehemu nyingi za Tanzania. Mpunga wa Kyela hauhitaji sifa zangu. Ziwa lina urefu wa kilomita 560 hivi, na mahali pengine kina chake hufika mita 700. Lakini samaki hawana faida na kina hicho, kwa kuwa chini ya mita 250 hivi maji hayana hewa ya kuvuta. Kwa binadamu ziwa hili ni chungu. Kwa samaki ni sinia.

Mbasa aliingia katika vitabu vya Wazungu mwaka 1864, Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza alipoandika habari za samaki waliokusanywa na Daktari John Kirk. Kirk alifuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi, na mwaka 1861 walipanda ziwani kwa mashua wakifuata pwani ya magharibi, ila hawakufika ncha ya kaskazini. Ndiye Kirk yule yule aliyekaa Unguja baadaye kuwa balozi wa Waingereza, na mwaka 1873 akamshurutisha Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwanafunzi wa historia humjua kwa mkataba huo. Ni wachache wanaojua kwamba mikono hiyo hiyo ilipeleka samaki wa Nyasa London.

Katika safari ile ya mashua Livingstone alipata dhoruba nyingi hata akaliita ziwa hili Ziwa la Tufani. Hakulisingizia. Tangu Mei mpaka Agosti, wakati pwani kunapovuma kusi na watu wa bara kusema kipupwe kimeingia, ziwa hupigwa na upepo wa kusini na mashariki uitwao mwera. Upepo huo hutembea juu ya maji matupu mamia ya kilomita bila ya kizuizi, na mwisho wa safari yake ni ufuko wa Kyela, ambako mawimbi hupasuka mchangani kama ya bahari. Tarehe 30 Julai 1946 meli iliyoitwa Vipya, ambayo kweli ilikuwa mpya, ilipinduka katika tufani kaskazini ya ziwa, upande wa Nyasaland ya wakati ule, na watu wapatao 145 wakafa maji. Ikiwa hayo yaliipata meli ya chuma, msomaji apime mwenyewe hali ya mtumbwi wa gogo moja.

Kwa hiyo, zamani, mwera ulipovuma siku mfululizo, mtumbwi ulivutwa juu ya mchanga na mvuvi alishona nyavu au alikwenda shambani. Hapana sheria iliyomkataza kuvua. Aliyemkataza ni upepo, naye hakutoa leseni. Na wakati huo huo upepo ulikuwa na kazi nyingine asiyoiona mtu aliyesimama ufukoni: uliyavuruga maji na kuipandisha juu mbolea iliyozama chini. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho ilipata chakula, wadudu wa majini wakala mimea, usipa wakala wadudu, na mbasa, ambaye akikomaa ni samaki mwenye urefu wa mkono na meno yake yako kooni kama ya karpi, akawala usipa. Hata kungu, wale vijidudu wanaopaa kutoka ziwani kwa mawingu kama moshi wa nyika iungayo moto, hutokana na karamu hiyo. Watu wa ziwa huwakusanya na kuwafanya mikate, na Livingstone alipata kuionja. Hivyo upepo uliomfukuza mvuvi ndio uliomlishia samaki.

Wanyakyusa wa bonde wamejulikana zaidi kwa ng'ombe na migomba kuliko kwa nyavu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi wao kati yao tangu 1934 mpaka 1938, waliandika sana juu ya vijiji vya rika, mazishi na matambiko. Samaki hawakupata nafasi kubwa katika vitabu hivyo. Nadhani hilo limewafanya wasomaji wengi wadhani kwamba ufuko wa kaskazini ni mwisho wa nchi ya ng'ombe tu. Yafaa kuwatazama Wakisi, watu wa Ikombe na vijiji vilivyobanwa kati ya milima na maji, ambao shamba lao kubwa ni ziwa. Wanawake wao hufinyanga vyungu vilivyopata sifa mbali sana, na wanaume huvua na kuvisafirisha kwa mitumbwi mpaka soko la Matema. Chungu na samaki vilisafiri katika mtumbwi mmoja na vilibadilishwa kwa nafaka ya watu wa bondeni, na mara nyingi viliishia juu ya meko moja.

Lakini uvuvi wa mbasa hasa ulikuwa mitoni. Samaki huyu hukaa ziwani, ila hazai ziwani. Mito inapojaa maji ya mvua huipanda kwa makundi, akatafuta mahali penye changarawe safi na maji yaendayo mbio, akataga hapo, kisha akarudi. Watoto wake huteremka na mkondo baadaye. Kila mwenye akili aliyekaa kando ya mto aliijua njia hiyo. Watu walitega migono na kujenga nyuzio za miti na matete, samaki wakaingia wenyewe. Twaweza kuuliza kwa nini basi hawakumaliza mbasa tangu zama hizo. Wengine husema ni hekima ya wazee. Sikatai kwamba wazee walikuwa na hekima, lakini kwa maoni yangu jibu kubwa liko katika mto wenyewe: mafuriko yale yale yaliyomleta samaki yaling'oa uzio. Siku ambayo mbasa walikuwa wengi kupita zote ndiyo siku ambayo mtego haukusimama. Upepo ulilinda ziwa, na mafuriko yalilinda mto.

Walinzi hao wawili walishindwa na uzi. Nyavu za kale zilisokotwa kwa nyuzi za magome ya miti. Zilioza, zilikatika, na kuzitengeneza kulichukua siku nyingi. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilienea katika maziwa yetu. Nailoni haiozi, haionekani vizuri majini, na ikitandwa mbele ya mdomo wa mto yaweza kumngoja samaki kabla hajayafikia mafuriko. Ziwa Viktoria lilitupa mfano mapema. Ningu, samaki mwingine wa ukoo wa karpi apandaye mito kuzaa, alikuwa chakula kikubwa cha watu wa ziwa lile. Mwaka 1965 uchunguzi ulichapishwa ulioonyesha jinsi nyavu za midomo ya mito zilivyomwangusha. Ndugu yake wa Ziwa Nyasa, ambaye Wamalawi humwita nchila, alianguka vivyo hivyo katika miaka ya 1960. Kwa mbasa zamu ilichelewa, haikukosa. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile ulimtia katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini.

Na hapo karpi mwenyewe anaingia katika hadithi. Katika miaka ya 1970 aliletwa Malawi afugwe katika mabwawa, kwa kuwa hukua upesi na hachagui chakula. Baadaye serikali ya huko ilimpiga marufuku, kwa hofu kwamba akiponyoka akaingia ziwani atachimbua matope na kuwasumbua wenyeji wa maji hayo. Naona ilifanya vema.

Nailoni haikutenda peke yake. Misitu ya miteremko ya juu ilipokatwa na mashamba kusogea mpaka kingo za mito, udongo ulishuka kwa wingi zaidi, na changarawe ikafunikwa na tope, ambamo yai la mbasa hukosa hewa. Anayetaka ushahidi asioulize kwa samaki na autazame kwa meli. Bandari ya Itungi ilijaa mchanga na matope hata vyombo vikalazimika kutumia bandari ya Kiwira badala yake. Kilichoifunga bandari ndicho kilichoyaziba mazalio.

Usipa ana bahati nyingine. Hutaga mayai ziwani, hana haja na mto, na umri wake ni kama mwaka mmoja. Akivuliwa mno leo aweza kujaa tena mwakani, na pengine akakosekana bila ya mtu kumgusa. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, naye hukusanyika chini ya nuru bila ya kujua mwisho wake. Wataalamu wa miaka ya 1990 waliopima samaki wa maji ya katikati walitumia meli ya uchunguzi iliyoitwa kwa jina lake, Usipa. Siku hizi ndiye anayetandazwa juani kwenye fuko za Kyela, na maskini humnunua kwa kopo, wakati mbasa amekuwa kitoweo cha mgeni na cha harusi.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Niliposikia tarehe hizo nilikumbuka mara moja mwera, kwa maana ndiyo miezi yake kamili. Katika Nyasa sheria ya namna hiyo ina mashaka ya pekee. Mkataba wa Waingereza na Wadachi wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka ufukoni, tangu Songwe; Tanzania yadai katikati ya maji, na neno hilo, lililotamkwa waziwazi mwaka 1967 na kufufuka mwaka 2012, halikwisha. Songwe wenyewe una desturi ya kuhama njia yake mafuriko yanapokuwa makubwa, na shamba lililolala Tanzania huamka Malawi. Mbasa huupanda kila mvua zinapoujaza, na wavu uliotandwa mdomoni mwake huwa na ncha moja kwenye kingo hii, na ya pili kwenye kingo ile.