Ukicheka uko salama, ukipenda unashitakiwa

Usiku wa tarehe 8 Septemba 1966, televisheni ya NBC ya Marekani ilipoonyesha Star Trek kwa mara ya kwanza, ndani yake kulikuwa na Kiswahili. Sitanii! Luteni Uhura, ambaye jina lake lilitokana na neno letu "uhuru", anakutana koridoni na kiumbe aliyejigeuza kuwa mwanamume, na yule kiumbe anamsemesha kwa Kiswahili. Lafudhi usiniulize. Lakini ni lugha yetu, na hakuna aliyekuja Unguja wala Dar kuomba ruhusa, maana hata angekuja asingejua amwombe nani. Lugha haina mwenyewe.

Nimeanza na hilo kwa sababu leo nataka tuzungumzie kuchukua cha mwenzio. Kwa usahihi zaidi, nataka tuzungumzie wale washabiki wa tamthilia za anga za juu ambao hawakutosheka kutazama, wakaamua kutengeneza za kwao. Wengine walitengeneza kwa mzaha, wengine kwa mapenzi. Ukifuatilia historia yao utakuta jambo la ajabu kidogo: sheria imekuwa rafiki zaidi kwa anayekucheka kuliko kwa anayekupenda.

Turudi nyuma. NBC waliisimamisha Star Trek mwaka 1969 baada ya vipindi 79. Miaka saba baadaye, tarehe 29 Mei 1976, kituo hichohicho kikarusha kichekesho kwenye kipindi chake cha Jumamosi usiku: John Belushi akiwa Kapteni Kirk, Chevy Chase akiwa Spock, na Elliott Gould akiingia ndani ya chombo kama bosi wa NBC kuwaambia kuwa tamthilia imefutwa, wakusanye virago. Hawa walikuwa wachekeshaji wa kulipwa, si washabiki. Ila walionyesha njia.

Mwaka 1978 akaja Ernie Fosselius na filamu ya dakika 13 iitwayo Hardware Wars, ikitania Star Wars iliyokuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla. Bajeti ilikuwa kama dola 8,000. Vyombo vya angani vilikuwa pasi ya umeme na tosta. Ndiyo, pasi, ile ya kunyooshea shati. George Lucas hakwenda mahakamani. Kinyume chake, aliisifia.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hatushangai. Tumemsikia mtafsiri akimpa komando wa Kimarekani maneno ya Kariakoo, kibanda kizima hoi kwa kicheko. Filamu ni ya Hollywood, kicheko ni cha kwetu. Mwenye filamu hajui hata kama tupo.

Sasa twende Finland, maana kisa ninachokipenda kuliko vyote kimetokea huko. Mwaka 1992 kijana mmoja aitwaye Samuli Torssonen alianza kutengeneza vikatuni vifupi kwenye kompyuta yake, akavipa jina la Star Wreck, yaani ajali au mabaki badala ya safari. Shujaa wake hakuwa Kirk bali James B. Pirk, nahodha mjinga, mlevi wa madaraka, anayejiona kuliko uwezo wake. Kadiri miaka ilivyokwenda vikatuni vikawa filamu za watu halisi. Kisha akaungana na wenzake mjini Tampere, akiwemo Timo Vuorensola aliyeongoza, wakaanza kazi moja iliyowachukua miaka saba: Star Wreck: In the Pirkinning.

Hebu fikiria mazingira. Studio yao ilikuwa nyumba ndogo ya kupanga. Kitambaa cha bluu kilitundikwa ukutani, waigizaji wakasimama mbele yake, na ulimwengu wote wa nyuma yao ukachorwa baadaye kwenye kompyuta. Mashine za kuchakata picha zilipangwa jikoni. Bajeti ya fedha taslimu ilikuwa yuro elfu kumi na kitu tu, kwa filamu inayozidi saa moja na nusu, yenye vita vya vyombo vya angani ambavyo ukivitazama unajiuliza kama kweli vimetoka jikoni kwa mtu.

Hadithi yenyewe ni dhihaka tupu. Pirk amekwama duniani katika zama zetu, hana chombo, hana heshima. Anafanya ujanja, anajenga meli za angani kwa msaada wa rais wa Urusi, anaiteka dunia nzima na kujiita mfalme. Dunia ikimbana, anapita kwenye tundu la anga hadi ulimwengu mwingine, na huko anakutana na kituo kiitwacho Babel 13. Mliotazama Babylon 5 miaka ya tisini mmeshacheka. Afisa wake anaitwa Dwarf badala ya Worf, mwingine Info badala ya Data. Meli zina umbo la Enterprise bila kificho.

Tarehe 1 Oktoba 2005 wakaiachia mtandaoni bure. Kumbuka YouTube ilikuwa na miezi michache tu tangu izaliwe, na sisi wengine tulikuwa bado tunalipia intaneti kafe kwa dakika. Ilipakuliwa mara mamilioni. Kwa nchi ya watu kama milioni tano, wanaozungumza lugha isiyoeleweka na karibu mtu yeyote nje ya kwao, hilo si jambo dogo. Mwaka 2006 tawi la Universal la nchi za Nordic likachukua filamu hiyo na kuisambaza kwa DVD. Timu hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza Iron Sky, iliyozinduliwa kwenye tamasha la Berlin Februari 2012 kwa bajeti ya yuro milioni 7.5, sehemu ya fedha hizo ikitoka kwa washabiki.

Paramount, wenye Star Trek, hawakuwashitaki. Kwa nini? Hapa ndipo panaponivutia.

Jibu rahisi ni kwamba walikuwa watoto wa Kifini wasio na fedha na filamu ilitolewa bure. Lakini kuna jibu la zamani zaidi, na linaanzia kwa mchekeshaji Jack Benny. Mwaka 1952 Benny alirusha kwenye CBS kichekesho kilichoitania filamu ya Gaslight. Wenye filamu, kampuni ya Loew's, wakaishitaki CBS. CBS walijitetea kwamba mzaha hauwezi kufanyika bila kuazima kile unachokitania. Wakashindwa. Wakakata rufaa, wakashindwa tena. Wakaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1958 majaji wakagawanyika wanne kwa wanne, kwa hiyo hukumu ya chini ikabaki. CBS ndio waliokuwa upande wa wachekeshaji. Liweke hilo kichwani, tutalihitaji baadaye.

Upepo uligeuka mwaka 1994. Kundi la rap la 2 Live Crew lilikuwa limeuchukua wimbo wa Roy Orbison wa "Oh, Pretty Woman" na kuufanyia kejeli. Mahakama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja, ikasema mzaha wa kuiga unaweza kuwa matumizi halali hata kama unauzwa. Sharti lake ndilo muhimu: ile kejeli iwe inakilenga chenyewe kile kilichoazimwa. Ukichukua wimbo wa mtu ili kuucheka huo wimbo, una hoja. Ukiuchukua kwa sababu tu unakurahisishia kazi ya kumcheka mtu mwingine, hoja yako inadhoofika. Na ukiuchukua kwa sababu unaupenda? Hapo huna pa kujificha.

Lucasfilm walilielewa hili mapema. Walipoanzisha tuzo rasmi za filamu za washabiki wa Star Wars mwaka 2002, waliruhusu za mzaha na zile za mtindo wa makala. Hadithi nzito za kuendeleza ulimwengu wa Star Wars zilikataliwa hadi mwaka 2007. Yaani njoo utucheke, tutakupa na zawadi. Ila usijaribu kuandika sura inayofuata, hiyo ni kazi yetu.

Upande wa Star Trek mambo yalikwenda kwa uvumilivu. James Cawley na wenzake walitengeneza vipindi vipya vya enzi ya Kirk kuanzia 2004, kwa mapenzi kabisa, bila mzaha. Walter Koenig na George Takei, Chekov na Sulu wa kweli, walikuja kuigiza humo. Wenye mali wakatazama pembeni ilimradi hakuna anayetia fedha mfukoni. Lakini uvumilivu wa mwenye shamba si hati ya kiwanja. Njia ya mkato unayopita kila siku shambani kwa mtu inaweza kuwekwa uzio usiku mmoja.

Uzio ulikuja tarehe 29 Desemba 2015. Mwaka 2014 Alec Peters alikuwa ametoa Prelude to Axanar, filamu fupi ya dakika 21 hivi iliyotengenezwa kama makala ya kihistoria kuhusu vita vilivyotajwa tu kwa kupita kwenye kipindi kimoja cha zamani. Ilikuwa nzuri. Nadhani hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Waigizaji walikuwa wa kulipwa, baadhi waliwahi kuonekana kwenye Star Trek yenyewe, na washabiki wakachanga zaidi ya dola milioni 1 ili filamu ndefu itengenezwe. Paramount na CBS wakafungua kesi. Ndiyo, CBS, walewale wa Jack Benny, safari hii wakiwa wamekaa kiti cha mlalamikaji.

Katika kesi hiyo kulikuwa na kituko kimoja ambacho sisi wa Kiswahili tunapaswa kukijua. Walalamikaji waliorodhesha vitu walivyodai ni mali yao, na mojawapo ilikuwa lugha ya Kiklingoni, iliyotungwa na mwanaisimu Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya mwaka 1984. Chama cha watunzi wa lugha kikapeleka waraka mahakamani kupinga, sehemu zake zikiwa zimeandikwa kwa Kiklingoni chenyewe! Jaji hakuliamua suala hilo. Mimi bado linanikera. Tamthilia iliyojichotea Kiswahili bure siku yake ya kwanza, nusu karne baadaye wenyewe wanataka kumiliki lugha.

Upande wa Peters ulijaribu pia kusema kwamba kazi yao ni mzaha wa mtindo wa makala. Januari 2017 Jaji Gary Klausner akalikataa hilo. Alisema haoni ukosoaji wowote wa Star Trek ndani yake, na wala haishangazi, kwa kuwa watengenezaji wenyewe walikusudia kuwa waaminifu kwa Star Trek mpaka kwenye vitu vidogo. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Uaminifu wao ndio uliowanyima kinga. Wangemfanya nahodha wao mlevi anayeanguka ngazini, huenda wangekuwa na la kujitetea. Walimfanya shujaa.

Walimalizana nje ya mahakama tarehe 20 Januari 2017, Peters akikubali kwamba alivuka mipaka. Wakati huo wenye mali walikuwa wameshatoa masharti kwa wote tangu Juni 2016: filamu ya mshabiki isizidi dakika 15, au dakika 30 kwa sehemu mbili, michango isizidi dola 50,000, waliowahi kuajiriwa kwenye Star Trek wasishiriki. Sare zikiwa zinauzwa madukani, nunua za wenyewe. Miaka saba ya jikoni Tampere isingepita hapo.

Ila wachekeshaji nao wasishangilie sana. Mwaka 2016 David Gerrold, aliyeandika kile kipindi maarufu cha tribble mwaka 1967, pamoja na mchoraji Ty Templeton, walitengeneza kitabu cha utani kilichochanganya Star Trek na michoro ya vitabu vya watoto vya Dr. Seuss. Waliowashitaki hawakuwa wenye Star Trek bali warithi wa Seuss. Mwaka 2019 jaji aliwapa ushindi wachekeshaji. Desemba 2020 Mahakama ya Rufaa ikaupindua: kitabu kinachekesha, sawa, lakini hakimcheki Seuss, kinamtumia tu. Sharti la 1994 lilelile.

Huko Ulaya njia imekuwa nyingine. Uingereza waliweka kwenye sheria ruhusa ya mzaha wa kuiga kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014, na mwezi mmoja kabla ya hapo mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imesema kwamba mzaha lazima ukumbushe kazi ya asili, utofautiane nayo waziwazi, na uchekeshe. Haukusisitiza kwamba ni lazima uicheke kazi ile yenyewe. Kwa masharti hayo naamini Pirk angepita mlango wa mbele.

Nikitaja tena filamu ya Pirk, kuna kitu niligundua nilipokuwa nikisoma leseni yake. Vijana wale walioazima Enterprise na Babylon 5 bila kuuliza, waliitoa filamu yao kwa leseni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kuitazama, kuinakili, kumpa rafiki yako, ilimradi uwataje na usiiuze. Kuikatakata na kuitengenezea mzaha wako mwenyewe, leseni waliyochagua inasema hapana.