Mjukuu Nyuma ya Bibi: Familia na Kazi ya Mwili Mkoani Singida

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Wito ule ulikuja wakati wake, kwani shinikizo la damu na kisukari si maradhi ya wakubwa wa mjini peke yao tena. Hata hivyo, mazoezi kama tunavyoyapanga leo yanatenganisha rika. Baba hukimbia mchakamchaka na wenzake wa kazini, mtoto husubiri michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, mama hana nafasi, na bibi haulizwi kabisa. Makala hii inadai kwamba faida iliyo kubwa zaidi imo katika vizazi kutumia mwili pamoja kwa jambo moja, na kwamba ushahidi mzito wa dai hilo hauhitaji kutafutwa ughaibuni.

Upande wa kaskazini wa Mkoa wa Singida, katika Wilaya ya Mkalama, kijiji cha Munguli ni mojawapo ya makazi ya Wahadzabe, watu wa ukanda wa Ziwa Eyasi ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, na kuchimba mizizi. Wanawake hawaendi kuchimba peke yao. Huongozana, wazee kwa vijana, wenye watoto mgongoni na wenye watoto wanaojiendea kwa miguu. Kila mmoja ana mti wake wa kuchimbia, uliochongwa ncha na kukaushwa kwa moto. Mzee hugonga ardhi kwa mti huo na kusikiliza mlio kabla ya kuanza kuchimba, kisha huketi chini na kufukua mpaka mkono uzame. Mtoto aliye kando yake ana kijiti kidogo, anachimba shimo lake. Akipata kimzizi, anakila papo hapo. Hakuna aliyemwambia afanye mazoezi.

Watafiti wamewapima Wahadzabe kwa muda mrefu. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ya watu wazima 30, na jibu liliwashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawatumii nishati nyingi kwa siku kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaotembea sana hubana matumizi yake mahali pengine. Maana yake kwetu ni nzito. Anayeanza mazoezi kwa tamaa ya kupunguza kitambi tu atakata tamaa mapema, na familia inayopima faida kwa mizani inapima kitu kisicho chenyewe. Faida iko kwenye moyo na mishipa. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, ulikuta Wahadzabe wakiwa katika mwendo wa wastani au wa nguvu kwa takriban dakika 135 kila siku, na wachache mno wakiwa na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima atimize dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki nzima.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni la bibi. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walifuatilia uzito wa watoto wa Kihadzabe na saa ambazo wakubwa wao walikuwa porini. Mama akiwa hana mtoto mchanga, afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa ilifuata juhudi za mama. Akijifungua tena, ilifuata juhudi za bibi. Mwili wa mwanamke mzee, unaotembea na kuinama na kuchimba, ndio uliomnenepesha mjukuu. Kumwambia mzee huyo apumzike kwa kuwa umri umekwenda ni kumnyang'anya afya yake na kumpunja mtoto kwa pamoja.

Kuna pingamizi la haki hapa. Msichana anayebeba ndoo kichwani kwa kilomita nyingi, na kufika shuleni amechelewa na amechoka, naye anatumia mwili, je, tumpongeze? La hasha. Huo ni mzigo wa nyumba nzima uliotwishwa shingo moja, na dawa yake ni maji karibu na nyumba. Kinachotetewa hapa ni kazi na mwendo unaogawanywa. Wala maisha ya Wahadzabe si ya kuigwa na watu waliokwisha kuwa wakulima, hasa tukijua ardhi yao imemegwa kiasi gani.

Mkulima wa Singida anayo alizeti. Vichwa vikikauka, hutandazwa juu ya turubai na kupurwa kwa fimbo mpaka mbegu zidondoke. Baba na kijana hupiga kwa zamu, bibi huinua ungo kuufuata upepo, na mdogo huwafukuza kuku kwa mbio ambazo mwalimu wa michezo angezionea wivu. Kila mtu ana kasi yake, na kazi moja inawashika wote. Jumamosi ya pili ya mwezi ingeweza kupangwa kwa mtindo huohuo kandokando ya Ziwa Singidani: kila kaya ije yote, bibi atangulie, na wengine watembee kwa mwendo wake.