Paul Robeson, jukwaani na nje ya jukwaa

Wadau, ule ubishi wa kila siku, eti msanii aimbe tu na siasa awaachie wenyewe, ni wa zamani. Wapenzi wa Paul Robeson waliubishania kweli kweli.

Mmarekani mweusi huyu aliitikisa London mwaka 1928 kwenye mchezo wa muziki, Show Boat. Miaka ya 1930, akiwa hukohuko, alisoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Baadaye akabadili maneno ya Ol' Man River, wimbo uliompa jina: mtu aliyekata tamaa akawa mpiganaji.

Alipopinga ubaguzi waziwazi, na kuusifu Umoja wa Kisovieti hata enzi za Stalin (hili linanipa taabu hata mimi), wengi walimkimbia. Mwaka 1949 huko Peekskill, New York, waliotoka kumsikiliza walipopolewa mawe. 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti.

Wengine hawakubanduka. 1952 aliimba juu ya lori mpakani, maelfu ya Wakanada wakamfuata hapo. 1957 aliwaimbia watu wa London kwa simu! Pasipoti alirudishiwa 1958.

Mimi naona hao ndio waliomsikia vizuri. Nyie mnasemaje?